Joho Lililomeza Mikono

Kosa tunalolifanya wengi tunapoandaa tanzia jukwaani ni kumvisha mroho uroho wake tangu pazia linapofunguka: kitambaa cha dhahabu, pete vidole vyote, kitambi cha sufi. Watazamaji wanamjua kabla hajafungua mdomo, wanamcheka, kisha wanarudi nyumbani wakiwa na hakika kwamba wao si yeye.

Mshonaji wetu, tunayemwita Mama Pindo, hakulifanya kosa hilo hata mara moja katika miaka thelathini na mmoja ya kulitumikia jumba hili la michezo. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Tangu barua yake ibandikwe ubaoni, mimi msimamizi wa jukwaa sijatulia.

Siku yake ya kwanza alimwambia mwongozaji kwamba pazia limeshonwa ndani nje. Lilikuwa limeshonwa ndani nje kwa miaka sita.

Wengi watamkumbuka kwa mchezo wa tabibu wa mfalme. Tabibu yule anaanza vizuri: anataka kuponya, na anaponya. Kisha anataka awe peke yake anayekaribia kitanda cha mgonjwa. Mwishowe anakitaka kiti chenyewe. Mama Pindo alimshonea joho jeupe la kawaida, likamkaa sawasawa. Kila sehemu ya mchezo alimbadilishia jingine, mikono yake imeongezwa upana wa vidole viwili. Hakuna aliyeona. Mfalme anapokata roho, tabibu ananyoosha mkono achukue taji, lakini vidole vimeshamezwa na kitambaa. Taji liliteleza, likabingirika hadi safu ya mbele.

"Tamaa yake ya kwanza ilikuwa nzuri," alinieleza akiuma uzi. "Ndiyo maana hakujua pa kukanyaga breki."

Sasa nasimulia jambo ambalo yeye mwenyewe ameniamuru nisiliruke. Katika mwaka wake wa kumi na tisa alichukua kazi ya kutunza vifaa vya jukwaani, kwa kuwa mtunzaji wake alikuwa mzembe. Nia njema. Akachukua na upakaji rangi wa nyuso. Kisha akaanza kumwelekeza fundi taa amulike wapi. "Taa yako inaniulia rangi, baba!" Siku sita kabla ya onyesho la kwanza, fundi taa alivua glavu akaziweka juu ya cherehani.

"Haya, Mama Pindo, washa mwenyewe."

Akaondoka. Tulikuwa na waigizaji ishirini, tiketi zimekwisha, na hakuna aliyejua waya upi unakwenda wapi. Mchezo ulikuwa unatufia mikononi. Mama Pindo alikaa nusu saa bila kukanyaga pedali, kisha akaniuliza, "Kaka, mikono ya joho langu imefika wapi?"

"Imepita vidole, dada."

Alizichukua zile glavu akaenda nyumbani kwa fundi taa. Alipewa maji, akarudi peke yake. Kesho yake alikwenda tena. Siku ya tatu fundi taa alirudi akinung'unika, kwa sharti kwamba Mama Pindo asikanyage chumba cha taa. Hajakikanyaga kwa miaka kumi na miwili. Malalamiko yake huyatoa kwa kelele kutoka ukumbini. Vifaa na rangi navyo alivirudisha kwa wenyewe wiki ileile.

Kinachoninyima utulivu ni hiki: chumba chake cha mavazi kimeshagombewa na watu wanne. Mmoja wao ni mimi. Nimekipima kwa hatua mara mbili, kwa faida ya jumba, nia njema kabisa, na hakuna tena wa kunitazama mikono.

Asante, dada, kwa kila mshono, hasa ule ulioufumua mwenyewe. Uishi miaka mingi yenye afya na mchana mrefu wa kupumzika.

Nawe unayesoma: leo, kabla hujatoka kazini, mrudishie mwenzako kazi moja uliyomchukulia.