Kwato Ndani ya Shamba Darasa

Mheshimiwa Diwani, Shehe wetu na Padri wetu, Mwenyekiti wa kijiji, wageni mliotoka Kilosa mjini na Mikumi, wazee mnaonizidi umri, shikamooni. Nanyi wanangu mlionisalimu nilipokuwa nashushwa garini, marahaba. Sikuwaitikia palepale kwa kuwa sauti ilikuwa bado haijanirudia.

Mmenileta nikate utepe wa uzio huu wa waya wa shamba darasa, shamba letu la kujifunzia, na kwenye geti mmeandika jina langu, Kasian. Mkasi ninao hapa mapajani. Lakini daktari ameniambia kwa upole kwamba masika ijayo huenda nisiione, nami sitaki kuondoka na jambo nililowaficha tangu nilipokuwa bwana shamba wenu: kilicholisha shamba hili si kile nilichowaambia.

Siku hizi nalala sana mchana, na nikilala naota. Naota mto Mkondoa umepanda hadi kitandani kwangu, maji mekundu, ya taratibu, na ndani yake mashamba yanapita kimya kama watu waendao msibani; ya kule Lumuma yanatangulia, yetu yanafuata. Nanyoosha mkono nishike tuta moja, nalo linayeyuka vidoleni. Nikiamka, swali langu la kwanza ni moja: mahindi yamegeuka zambarau?

Wakubwa mnaikumbuka rangi ile. Mahindi yalitoka ardhini vizuri, kisha kingo za majani zikawa zambarau, bonde zima likapendeza. Mwamvua, ambaye leo ni kiongozi wa kikundi chetu, akaniuliza, "Bwana shamba, tumepanda mahindi au maua?" Nikamjibu kwamba ile ni njaa ya fosforasi. Maharage hujipatia naitrojeni hewani, lakini fosforasi haitoki hewani. Iko udongoni, na kila gunia tunalopakia linaondoka nayo, kila mafuriko yanaondoka nayo, na ukame ukija, hata iliyobaki mizizi haiifikii. Ya dukani nayo huchimbwa miambani, na mwamba ukishachimbwa hauoti tena.

Nikawafundisha kuweka kizibo kimoja cha soda cha mbolea ya kupandia katika kila shimo. Mkaweka. Shamba hili likazaa kuliko yote, mkapeleka mahindi yake kwenye maonyesho ya Nane Nane, Morogoro, mkarudi na cheti chenye jina langu, mkiimba njia nzima. Je, hamkuwahi kujiuliza? Kizibo kile kile, mbegu ile ile. Kwa nini hapa tu?

Ni ng'ombe. Kila mlipopanda lori kwenda Nane Nane, kijiji kikabaki na wagonjwa na mimi, ng'ombe wa Sendeka, mfugaji jirani yetu, waliingia humu. Walikula mabua, wakalala, wakaacha samadi. Mwaka mmoja mliporudi mkakuta uzio wa miba una pengo, Mwamvua alishika kiuno: "Mbolea yako ya dukani, bwana shamba, siku hizi inakuja na kwato?" Mkacheka sana. Mwaka uliofuata hamkucheka. Mlimwita Sendeka mharibifu, mkamsogeza yeye na watoto wake hadi kule vilimani.

Na tangu hapo? Mnaweka kizibo, mnaongeza cha pili. Masika iliyopita nilipita hapa nikiwa nimeshikwa mkono, nikaiona zambarau imerudi. Udongo usio na samadi haushikamani. Hizi mvua za sasa, zinazomwaga kwa siku moja maji ya mwezi mzima, zinaubeba pamoja na vizibo vyenu. Sisemi mwache mbolea ya dukani. Tieni kidogo, kingeni maji kwa matuta, na kile ambacho ng'ombe amekula kwetu kirudi kwetu.

Sasa tutazame geti hili. Mzee yule aliyesimama nje ya waya, ameegemea fimbo, ndiye Sendeka. Nilimwomba aje. Njia ya ng'ombe wake kwenda mtoni inapita hapa mlipochimbia nguzo. Geti likifungwa leo, mwanawe Kimaren atahamisha mifugo yote, na hawatarudi.

Asubuhi nilimuuliza, "Miaka yote hii, rafiki yangu, kwa nini ulinyamaza?"

Akacheka, meno yamebaki mawili. "Wewe ndiye msomi. Nilikuwa nasubiri useme."

Nilichelewa kusema kwa sababu nilipenda kuitwa mtaalamu. Niliona heri Sendeka apoteze jina lake kuliko mimi kupoteza langu. Nawashukuru kwa heshima mliyonipa, na kwa subira ya kumsikiliza mtu anayehema kila baada ya neno. Mwamvua, mwanangu, njoo uchukue mkasi wako; utepe huu siukati.

Uzio ule wa miba haukuvunjwa na ng'ombe wa Sendeka. Niliufungua mimi, kila mwaka, na mimi ndiye niliyemwita awalete.