Pudentienne Ngendakumana, Aliyeomba Mkeka Uliopinda (1947–2003)

Marehemu Pudentienne Ngendakumana alizaliwa Bwegera tarehe 14 Machi 1947, mtoto wa kwanza wa Damien na Anne-Marie, wakulima wa mpunga. Alisoma kwa masista hadi mwaka wa nne wa shule ya msingi. Mwaka 1958 aliacha masomo ili amsaidie mama yake, aliyemfundisha kusuka mikeka ya mafunjo.

Kazi hiyo aliifanya maisha yake yote, na aliifanya kwa sheria. Rangi mbili tu: ile ya mafunjo yenyewe, na nyeusi ya matope ya kinamasi cha Bwegera. Mstari ukipinda, anafumua mkeka mzima. Siku aliyogombana na mtu hasuki, na kwa kuwa hakuwa mpole, wateja walingoja. Mimi mdogo wake Generose, ninayesoma haya, ndiye niliyeiuza mikeka yake sokoni Uvira. Nilikuwa nasema: "Tafuta kosa, ukilipata beba bure." Hakuna aliyebeba bure.

Tarehe 6 Agosti 1966 alifunga ndoa kanisani na Venant Havyarimana. Venant alipenda kuwachekesha wageni akisema kwamba yeye, mume wa msukaji, analala juu ya majani, maana mkeka wa nyumbani ulikuwa umefumuliwa mara sita.

Oktoba 1996 vita iliwatoa Bwegera. Venant aliuawa njiani. Marehemu aliingia kwangu Kilibula, hapa Uvira, na kisu cha kukatia mafunjo, basi. Miaka miwili hakusuka. Nilimletea mafunjo ya huku. Akasema matope ya Bwegera hakuna, mkeka hakuna.

Halafu, Novemba 1998, nilitoka sokoni nikamkuta anasuka. Nyuzi za bluu za magunia ya msaada, mistari inaenda inakotaka. Na asubuhi ile tulikuwa tumegombana!

"Yaya," nilimwita dada yangu, "weye iko na homa?"

"Sina."

"Na sheria za mama?"

"Mama hakukuwa na sheria, Generose. Alikuwa anasuka vile mafunjo inakuja. Nimetafuta ni nani alinipatia zile sheria, nikakuta ni minye mwenyewe."

Sikuelewa. Huzuni ya Venant? Lakini alikuwa anaimba. Uvivu? Alisuka mikeka mingi kuliko zamani. Nilipoitandaza sokoni watu walisimama wakaitazama, na yale maneno yangu ya kutafuta kosa hayakufaa tena. Hadi leo sijui walikuwa wanaona nini.

Juni 2002 figo zilianza kumsumbua, miguu ikavimba, kisha vidole. Aliendelea kusuka mkeka wa bluu. Januari nilimtolea mkeka wa zile rangi mbili za zamani niliokuwa nimeuficha tangu 1989.

"Nilikuwekea huu, yaya. Hauna kosa."

"Uuze. Munilaze juu ya ule wa bluu."

"Haujaisha hata! Watu watatuangalia."

"Watakuangalia weye. Minye nitakuwa nimelala."

Nimebishana na watu maisha yangu yote. Siku hiyo nilishindwa, na sijui nilishindwa wapi. Alifariki nyumbani Kilibula, Jumanne tarehe 11 Februari 2003.

Mkeka mtakaouona hauna pindo upande mmoja. Msiseme familia ilikosa mkeka uliokamilika. Asubuhi ya leo nilizishika zile ncha nikataka kuzifunga. Nikaziacha.

Ameacha watoto wawili, Claire na Étienne, wajukuu watano, na mdogo wake Generose. Apumzike kwa amani, juu ya mkeka alioutaka mwenyewe.