Nilivyofungwa na Kompyuta Ambayo Haijaja

Bwana asifiwe, ndugu zangu, hata na sisi tunaoogopa kusimama mbele ya watu! Kwanza mnisamehe maandishi yangu. Niliishia darasa la nane, mkono wangu unaandika polepole kama mtu anayevuka matope, na herufi zingine najua nimezikosea. Kanisani nimeitwa mara nyingi nitoe ushuhuda, na kila mara nimejificha nyuma ya spika. Ndiyo maana nimeandika. Mkikuta neno limepinda, linyoosheni wenyewe muendelee kusoma.

Mimi ni kijana wa Kibomet, hapa Kitale. Kwa akina mama yangu ni Sirisia, upande wa Bungoma. Kazi yangu ni kutengeneza vile vitabu vya mazishi, vyenye picha ya marehemu mbele na historia yake ndani, na pia video za kwaya. Nilikuwa na kompyuta kuukuu. Vitabu iliviweza, lakini video ilikuwa mlima kwake. Ukiiwekea wimbo mmoja tu, inahema kama ng'ombe anayezaa, halafu inazima.

Kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya, ndiye mwanzishaji wa nyimbo katika kwaya ya akina mama wazee kule Sirisia. Niliwarekodi asubuhi moja nje ya kanisa, wamefunga vitambaa vyeupe, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mahindi. Walionekana kama wanaimba kutoka ndani ya wingu. Baada ya hapo daktari wa macho wa Bungoma akamwambia Kukhu ana presha ya macho. Kilichokwisha kuharibika hakirudi, na dawa itachelewesha tu giza.

Kukhu hakulia. Aliniambia, "Mjukuu wangu, nimeimba tangu nikiwa msichana na sijawahi kujiona nikiimba. Nionyeshe kabla macho hayajafungwa."

Nilimwonyesha kwenye simu. Aliileta mpaka ikagusa pua, akasema, "Hapa naona siafu tu."

Ndugu zangu, hapo ndipo mama yangu alipouza mahindi yake ya msimu. Akanikabidhi pesa akaniambia, "Hii ni ya kompyuta, mara moja tu. Mavuno yajayo ni ya paa. Usiniletee takataka."

Mjini Kitale kuna duka la mama mmoja Kalasinga tunayemwita Mama Jas. Dirishani mwake aliweka kompyuta ya mezani ambayo yote imo nyuma ya kioo, haina sanduku la kuweka chini. Kioo chake kilikuwa kipana kuliko dirisha la chumba ninacholala. Umbo lilikuwa lile la miaka yote, lakini kampuni ilikuwa imeifanyia marekebisho: memori zaidi, diski ya haraka, kamera safi, na kioo kilichotengenezwa kisirudishe mwanga machoni. Ilikuwa ikionyesha picha za ziwa na milima zikibadilishana taratibu. Nilisimama pale nikasahau nilitumwa nini. Nilijiona nikiingia ndani ya lile ziwa na viatu vyangu, na Kukhu amesimama ng'ambo, akianzisha wimbo.

Nilikuwa karibu kuingia kununua. Lakini kwenye simu nikasoma kwamba kampuni hiyo hiyo inaziacha prosesa ilizokuwa ikinunua kwa wengine, na itaanza kutumia za kwake yenyewe. Prosesa, kwa ndugu wasiojua, ndiyo bongo la kompyuta. Walisema mpya zitakuwa na kasi sana na hazitapata joto. Walisema pia za zamani wataendelea kuzitunza kwa miaka, lakini hawakusema ni mingapi.

Ndugu zangu, pale nilifungwa!

Nikawaza, nikinunua hii nitakuwa kama mtu aliyejenga kioski barabarani siku moja kabla barabara haijahamishwa. Halafu nikawaza, nikingoja mpya, je, ikikataa printa yangu? Ikikataa ile programu ninayokatia video? Na nani amesema itakuja lini yenye kioo kikubwa? Labda wataanza na ndogo. Nilipima hivi, nikapima vile. Nikila ugali naziona zote mbili zimekaa mezani, moja kulia na moja kushoto. Nikilala naota ile ambayo haijaja. Haikuwa na umbo, ilikuwa kioo tu kilichojaa ukungu, na sauti laini inasema, "Ningoje." Na mimi naitikia, "Nangoja." Ilikuwa tamu, ndugu zangu, siwafichi. Utumwa mwingine ni mtamu.

Karibu kila siku nilikwenda kusimama pale dirishani na sikuingia. Nyumbani Mama ananitazama tu. Na Kukhu akipiga simu ananipa habari za mbuzi. Mwanzoni alisema anawaona wote langoni. Baadaye akasema anawaona wakitembea tu, wakisimama wanapotea. Halafu akasema sasa ni yule mweupe peke yake.

Jumapili moja wakaitwa wenye mizigo waende mbele. Sijui miguu yangu ilipata wapi nguvu, nikaenda. Mama Baraka, kiongozi wa maombi, akaniinamia akaniuliza shida yangu ni nini. Nikamnong'oneza, "Nimefungwa na kompyuta." Nilitaka kuendelea lakini aibu ikanishinda. Yeye akanitazama kwa huruma nyingi, akatikisa kichwa. Sikuelewa kwa nini.

Nilielewa siku walipokuja nyumbani, akina mama wa maombi. Walizunguka ile kompyuta yangu kuukuu, wakaiwekea mikono, na Mama Baraka akapaza sauti: "Wewe roho wa picha chafu, mwachilie huyu kijana!"

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Picha gani?"

"Tulia tu, Mama. Vijana wengi wamenaswa."

"Ati picha chafu? Na mahindi yangu?"

Ndugu zangu, mimi ambaye sijawahi kumjibu mtu mzima, nilipiga kelele. "Si picha! Ni prosesa!"

"Hata huyo atoke!" akasema mama mmoja wa nyuma.

Nilicheka na kulia pamoja. Kisha nikawaomba wakae, na nikaongea. Sijawahi kuongea hivyo maishani. Niliwaeleza juu ya bongo la zamani na bongo jipya, juu ya kioo, printa, na mambo ya kungoja. Walisikiliza kama wanavyosikiliza neno. Nilipomaliza, Mama Baraka akauliza, "Hii ya dukani, inaweza kutengeneza video ya nyanya yako?"

"Inaweza."

"Na hiyo nyingine iko wapi?"

Nikatoa simu nimwonyeshe ile habari.

"Si iko kwa akili yako tu, bana."

Mama alikaa na mwiko magotini, akasema polepole, "Mama yangu bado anamwona mbuzi mweupe. Kwa sasa."

Wakasimama wakaniombea upya, safari hii kwa jina la shida yenyewe. Nilisikia masikio yakifunguka, kama mtu anayeshuka kutoka Mlima Elgon na ghafla anasikia ndege. Ile sauti ya "ningoje" iliisha. Haleluya!

Kesho yake niliingia kwa Mama Jas na printa yangu nimeibeba kifuani.

"Kijana wa dirisha!" akasema. "Leo umepata mlango?"

Nilimwuliza habari za prosesa, na nilimwuliza kwa sauti. Akajibu, "Mpya itakuja, sikudanganyi. Itakuwa na kasi kuliko hii. Hii hapa jaribu mwenyewe." Tukaunganisha printa, ikakubali. Tukaweka wimbo mmoja wa Kukhu, nikaukata pale pale mbele yake. Ilivuma kidogo kwa ndani lakini haikukwama. "Sasa unachukua," akasema, "ama utaendelea kunipangusia kioo na pua?"

Nikachukua.

Tuliifikisha Sirisia kwa pikapu, imefungwa katikati ya godoro na mablanketi, nimeikumbatia njia nzima. Kwaya yote ikajazana sebuleni kwa Kukhu. Tulimkalisha mbele kabisa, uso wake karibu uguse kioo. Mlango ulikuwa wazi na jua linaingia, lakini kioo hakikung'aa. Ukungu ukatokea kwanza, halafu mahindi, halafu vitambaa vyeupe, kimoja baada ya kingine.

Kukhu aligeuza kichwa huku na huku, akitafuta mahali jicho lake bado linashika. Akaweka kidole kwenye kioo. "Huyu wa kitambaa kilichopinda ni nani?"

"Ni wewe, Kukhu."

Akatazama muda mrefu. Kisha akawageukia wenzake. "Na nyinyi mlikuwa mmesimama hapo tu! Hakuna hata mmoja wa kuniambia kimepinda?"

Nyumba ikavunjika kwa kicheko. Na kicheko kikiwa bado hakijaisha, yeye akaanza kuimba na yule Kukhu wa kwenye kioo. Sauti mbili za mtu mmoja, ya huko na ya hapa. Wengine wote wakanyamaza kuwaachia.

Ndugu zangu, sasa Kukhu haoni tena. Lakini alijiona. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku.

Zile kompyuta mpya zilikuja. Nilipita kwa Mama Jas nikaiona moja, nyembamba kama sinia, nzuri sana. Moyo ulisogea kidogo, siwadanganyi. Nikaaga nikaenda, kwa sababu kulikuwa na familia moja mtaa wa Tuwan inangoja kitabu cha mazishi.

Siwaambii msipime. Pimeni. Lakini kama kuna mtu anakusubiri, naye mweke kwenye mizani. Na kama umelala kwenye ukungu wako na hujui kutoka, mwamini Yesu na umwambie mtu shida yako yote, usiikatize katikati kama mimi. Yesu anafungua!

Naomba mniandikie kupitia kanisa. Niambieni nanyi mnangoja nini. Mimi husoma polepole pia, lakini nitasoma barua zote.