Penthos na Ndevu za Prokopis

Benchi la mbele ya mkahawa wa Lambros halikosi wenyewe. Asubuhi hiyo walikaa wanne, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa nzito na glasi ya maji. Siku arobaini za msiba wa Stavroula zilikuwa zimekwisha, ngano ya kumbukumbu imeshapikwa na kuliwa, lakini mumewe Prokopis alikuwa bado hajanyoa ndevu ambazo mfiwa hufuga. Jumapili binti yao anaolewa, na wakwe wameshatamka: baba akija na ndevu za msiba, harusi inaahirishwa. Ndiyo maana binti alimtuma Stamatis, aliyemsimamia ubatizo, akaongee na mzee. Tangu ubatizo huo Stamatis na Prokopis huitana kumbare. Ila kila Stamatis akifungua kinywa, wenzake wanamwahi.

— Tuanzie kwenye neno lenyewe, alisema Mwalimu, ambaye shuleni alikuwa bawabu. Penthos, yaani msiba. Neno hilo likiwa mtenda au mtendwa kwenye sentensi, sura ni ileile. Sasa ndevu zibadilike kwa nini?

— Acha hizo! akadakia yule waliyembandika jina la Redio kwa kuwa hazimiki. Si tunasema mtu "anashika" penthos? Kinachoshikwa si kinawekwa chini? Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapo?

— Kimeingia tu. Endelea.

— Tena wingi wa neno penthos uko vitabuni, mtaani hausikiki. Maana yake kila mtu kapewa penthos moja. Ukishaitumia, hata afe nani, hulii tena.

— Mungu wangu! Yangu niliimalizia kwa punda.

Hata Prokopis alicheka, akaweka chini kikombe alichokuwa amekishika kwa mikono miwili. Stamatis akaona hapo ndipo pa kupenyea.

— Kumbare, mtoto anakuomba.

— Najua.

— Basi si unyoe?

Prokopis akainamisha kichwa.

— Na kitenzi chake je? Mwalimu akarudi kwa nguvu. Kinataka mtu wa kuliliwa! Mzee akinyoa, kitenzi kinabaki yatima. Na kitenzi yatima humrudia mwenyewe. Mtu anajililia, anakufa!

Argyro, dada wa marehemu, alikuwa ndiyo kwanza ashuke kwenye basi la Athene. Alisimama na sanduku lake, akawasikiliza.

— Samahani, akina baba. Tangu mikono ianze kumtetemeka Prokopis, Stavroula ndiye aliyekuwa akimnyoa. Siku hizi nani anamnyoa?

Stamatis aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Kila siku anakaa naye bega kwa bega, wala hakuwahi kujiuliza.

— Mtu mwingine akinigusa hapa, Prokopis alisema, akijishika kidevu, basi ndiyo kweli hayupo.

Stamatis akamgeukia.

— Nikunyoe mimi?

— Utanikata.

— Nitakukata, kumbare. Kidogo.

Prokopis alimtazama, akalitazama na benchi zima.

— Haya, njoo Jumapili asubuhi. Ila usiongee. Yeye alikuwa akininyoa kimya.