Bega la Mpimaji

Benchi lililo mbele ya duka la kahawa, mkabala na geti la kiwanda cha mbao, lina nafasi ya watu wanne. Wazee watatu hulijaza kila asubuhi, kwa kuwa kila mmoja hukaa upandeupande ili auone mdomo wa mwenzake. Katikati hukaa Clovis Arseneau, aliyeendesha mashine ya randa miaka thelathini na mmoja. Kushoto ni Dizeli, aliyekuwa akipakia magogo. Kulia ni Askofu, mnoa misumeno, ambaye hajaingia kanisani tangu siku aliyooa. Jumanne hiyo ya Novemba gari la kupima masikio lilikuwa limeegeshwa getini. Noella, binti yake Clovis, alikuwa apimwe saa nne, Jumatatu aanze kazi kwenye randa ileile ya baba yake.

— Masikio yangu mimi hayakuharibiwa na mashine, alisema Dizeli. Ni baridi. Tulivua samaki juu ya barafu bila kofia.

— Kofia wapi, bwana. Ni nta, alisema Askofu. Haba na haba hujaza kibaba. Nta ya miaka arobaini, ulitegemea nini?

— Daktari alichungulia, akasema hamna nta.

— Imeingia ndani zaidi.

— Basi ni ule mnara wa simu. Tangu usimamishwe, hata mbwa wangu nikimwita haitiki.

— Mbwa wako alikufa, Dizeli.

— Ndiyo nasema. Unaua.

Clovis alicheka baada ya kuwaona wenzake wakicheka.

Noella alifika na buti mpya mkononi, akawaamkia. Askofu hakumpa nafasi ya kukaa.

— Sikiliza, binti. Mle kibandani, ndani ya gari, usihangaike kuusikia mlio. Mtazame mpimaji kupitia kioo. Bega lake likishuka, amebonyeza kuutoa mlio. Na wewe bonyeza kitufe chako, kama aliyesikia.

— Baba yako alifaulu mara ishirini na sita, alisema Dizeli. Mara ya mwisho hata honi ya lori alikuwa haisikii.

— Na kanuni hiyo aliivumbua mwenyewe. Kiwanda kizima kilijifunza kwake.

— Ukianguka mara mbili wanakutoa kwenye randa, wanakutupa uani kupanga mbao. Mshahara wa uani unaujua.

— Na vile vizibo vya masikio, vya sponji, kata nusu. Msimamizi akiona rangi anaridhika, na wewe unaendelea kupiga soga na wenzako. Akili nywele, alisema Askofu, akivua kofia. Kichwa chake kilikuwa na upara mtupu.

Noella alimgeukia baba yake.

Tangu alfajiri Clovis alikuwa amekusudia kumwambia avae vizibo vizima, asilitazame bega la mtu. Alikuwa ameyapanga maneno akijinyoa. Mbele ya wale wawili, yaliyotoka yakawa mengine.

— Mpimaji wa sasa anatumia mkono wa kushoto, alisema. Tazama bega la kushoto.

Noella alichuchumaa mbele yake, uso kwa uso, kama alivyozoea tangu akiwa shuleni.

— Baba, mara ya mwisho kunisikia nikiwa nyuma yako ilikuwa lini?

Dizeli alipeleka kikombe mdomoni, kumbe kahawa ilikwisha zamani. Clovis alifikiria siku ya harusi ya Noella. Alifikiria na siku aliyomleta mtoto wake wa kwanza nyumbani. Siku zote mbili aliukumbuka uso wa Noella, si sauti yake.

Noella alingoja. Kisha akasimama, akaweka buti begani, akavuka barabara kuelekea kwenye gari. Alipofika katikati, waliona mvuke wa pumzi ukipanda juu ya kichwa chake, ukakatika, ukapanda tena, kama wa mtu anayesema. Hakugeuka.

— Amesemaje? aliuliza Clovis.

— Nilidhani wewe umemsikia, alisema Askofu.

Clovis alimgeukia Dizeli. Dizeli alitikisa kichwa.

Ng'ambo ya barabara waliuona mlango wa gari ukifungwa.