Kwa Baba wa Beki Wetu, Siku ya Kumuaga

Mgeni rasmi, Mzee Minagawa Tokuji;
Mwenyekiti wa timu, kocha na wachezaji;
Kapteni wetu Hayate;
Mabibi na mabwana.

UKARIBISHO

Sisi wapenzi wa timu ya mpira ya Tsurumaki, wakulima wa mapeasi, wauza samaki, wastaafu na wapishi wa bweni la wachezaji, tunasimama mbele yako kwa heshima. Umetoka kisiwani kwenu Rishiri kwa meli, ukapanda ndege, ukamalizia na treni yetu isiyopita kituo bila kusimama. Pole kwa safari, na ahsante kwa kuja. Katika hafla kama hii tumezoea kumwalika meya. Safari hii meya tumemwomba radhi naye akakubali kukaa pembeni, kwa kuwa mtu tuliyemtamani katika kiti hicho ni wewe, na tumekutamani misimu mingi.

Kukupata hakukuwa rahisi. Bwana Ogata wa mgahawa wa tambi, kiongozi wetu, ndiye aliyekupigia simu. Tulikuwa tumemzunguka, tukasikia yote.

"Mzee, njoo umwone mwanao akicheza mara ya mwisho."

"Nina mwani wa kuanika."

"Mzee, huu ni mwezi wa kumi na moja. Mwani si huvunwa kiangazi?"

"Wewe mtu wa mapeasi umejuaje mambo ya mwani?"

"Mwanao katufundisha."

Ogata akadhani simu imekatika. Kisha ukauliza, "Huko kwenu kuna baridi?"

Hapo tukajua unakuja.

HISTORIA FUPI YA KAPTENI WETU

Nusu ya kwanza ya maisha yake unaijua wewe, nusu ya pili tunaijua sisi, na hajatokea mtu wa kuziunganisha. Turuhusu tujaribu.

Alituambia kwamba asubuhi aliyoondoka kwenda shule ya bara, shule iliyomtaka kwa ajili ya mpira, ulikuwa bandani ukinyoosha mwani. Hukugeuka. Ulisema tu, "Nenda. Lakini ujue mashua hii ni ya watu wawili."

Kutoka shuleni alichukuliwa na timu kubwa ya mji mkuu. Huko alivaa kizibao cha wachezaji wa akiba mpaka kikapauka. Alipangwa mara mbili. Mara ya kwanza alicheza vizuri na hakuna aliyeandika. Mara ya pili goti likaachia, na hilo waliandika. Timu ikamwacha.

Akaja kwetu, daraja la tatu, akichechemea na begi moja begani. Bi. Asako, mpishi wa bweni, akamwekea bakuli la supu ya mwani. Akaonja, akaliweka chini.

"Mwani huu si wa kwetu."

"Kwenu wapi, baba?"

"Rishiri."

"Basi andika nyumbani wakuletee, nami nitakupikia."

Aliinuka akaenda kuosha bakuli lake. Bi. Asako ni mama wa watoto wanne, akaelewa kwamba nyumbani haandiki. Tangu siku ile akawa anaagiza mwani wa Rishiri sokoni kwa ajili yake. Kwa hiyo, mzee, huenda miaka yote hii mwanao amekuwa akila mwani wa mikono yako, wewe usijue.

MAFANIKIO

Goti lilipopona alipewa beki ya kati, na baadaye kitambaa cha ukapteni. Hakuwa na kasi. Alikuwa na macho: aliujua mpira utakakoangukia kabla mpigaji hajaamua. Timu zenye pesa zilimtaka mara mbili. Alikataa, akasema hapa ameshazoea supu. Wavulana wote wa mji huu wanaocheza nyuma wanasimama kama yeye, mikono kiunoni, wakimfokea kipa.

Na alitupandisha daraja la pili. Siku ile tulimbeba juu juu kuzunguka uwanja. Hakucheka. Tulidhani amechoka.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hapa tunaomba uvumilivu wako. Kapteni, tunaomba na wako, maana hukututuma.

Wiki ile ya kupanda daraja, shangazi yake alimpigia simu kwamba mama amezidiwa. Hayate alikwenda kwa kocha na begi mkononi. Kocha akamwambia aamue mwenyewe. Akapiga simu hospitalini, na mama mwenyewe akaomba apewe simu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akamwambia, "Cheza kwanza, mwanangu. Nitakungoja."

Akacheza. Mama hakuweza kungoja.

Alipofika kisiwani alikuta mama ameshafanyiwa maziko ya moto, yamebaki majivu, na wewe mlangoni. Ulimuuliza, "Mpira umekwisha?" Akajibu kwamba umekwisha, ukampisha aingie. Labda uliuliza kwa uchungu, mzee. Labda uliuliza tu, kama mtu anavyouliza hali ya hewa. Yeye hajui mpaka leo. Alilala usiku mmoja, akaondoka, na hajavuka maji yale tena.

Habari ya simu ya mama hakukueleza. Bwana Ogata alimuuliza kwa nini, akasema si vizuri mtu kumfanya marehemu kuwa ngao yake. Sisi hatuna adabu kama yake, ndiyo maana tumesema.

Jana umemwona uwanjani. Uliketi kati ya Bwana Ogata na Bi. Asako. Alipoingizwa, mchezo ukielekea ukingoni, ulishangaa.

"Mbona anapiga kelele hivyo?"

"Ndiye kapteni," alisema Bi. Asako. "Anawapanga wenzake."

"Nyumbani alikuwa hasemi kitu."

"Labda hakupewa nafasi, mzee."

Tunauombea radhi ulimi wa Bi. Asako. Lakini hukukasirika. Uliendelea kumtazama, na mpira ulipokwenda upande wa pili, macho yako hayakuufuata.

Filimbi ilipolia alikuja mbele ya jukwaa kutuaga, akakuona. Akainama. Nawe ukainama. Kati yenu palikuwa na ukuta wa kufika kiunoni. Mpaka tunasoma risala hii, hamjasemezana.

MAOMBI

Timu imempa kazi ya kufundisha vijana, ameikataa. Tungependa abaki. Bi. Asako alishamtafutia nyumba yenye mipeasi, na mchumba pia, ijapokuwa hakuombwa. Lakini yeye alimwambia Bwana Ogata, "Nataka kurudi kwenye mwani. Sijui tu kama mlango utafunguka." Tumemtamani abaki, naye anatamani kwao, na kutamani kwake ni kukubwa kuliko kwetu.

Kwa hiyo tunaomba umpokee. Akifika, umruhusu akae mbele ya picha ya mama yake na kumfukizia ubani kwa muda anaotaka, na ukiweza ukae naye. Na mapeasi yakiiva, utuazime mwanao kwa siku chache tu. Tutamrudisha.

Risala ilikuwa iishie hapo. Lakini leo asubuhi Bi. Asako alikuletea chai nyumba ya wageni, akakukuta umeshavaa koti. Ulimuuliza duka la zana za uvuvi liko wapi. Akakuelekeza. Ukafika mlangoni, ukarudi.

"Huyu siku hizi anavaa kiatu saizi gani?"

"Kiatu gani, mzee?"

"Buti la mpira. La mashuani. Alivyoondoka alikuwa na mguu mdogo."

Bi. Asako anaijua saizi hiyo. Amevipanga viatu vya mwanao mlangoni pa bweni tangu alipofika. Hakukutajia. Alikwambia umuulize mwenyewe.

Amekaa pale karibu na dirisha, mzee, amevaa suti ya kuazima. Sisi tunanyamaza sasa, ili umuulize.

Bahari iwape nyote wawili, wala isiwachukue.

Ni sisi,
Wapenzi wa Timu ya Mpira ya Tsurumaki