Kikombe cha Mwalimu Mahfoudh

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni Thani, mtoto wa kwanza wa marehemu, na kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya baba yetu, Mwalimu Mahfoudh bin Ishaq, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1912, Vuga, Unguja, akasoma huko hadi alipopelekwa Kairo, akarudi mwaka 1937 na shahada ya uhandisi, na kazi yake ikawa kutunza vyombo vya hospitali na kufundisha.

Mwaka 1938 alimwoa mama yetu, Bi Kheiria, wakajaaliwa watoto wawili, mimi na Masouda, na mwaka 1964 tukahamia Maskati, tukaanza upya hapa Matrah, yeye na utani wake uleule.

Agosti mwaka huu wa 1970 alifungua darasa barazani kwake, la madaktari na wahandisi vijana waliorudi na shahada zao, akiwafundisha kubuni vifaa vipya vya tiba, na mtihani wake ulikuwa kahawa: kwa desturi yetu aliyetosheka hutikisa kikombe, naye akaapa hatatikisa mpaka aletewe chombo kisicho na kasoro, basi akawa anamiminiwa tu, mama akilalamika kwamba buni inakwisha.

Walimletea sanduku la joto la kulelea watoto njiti, wamelitengeneza kama walivyofundishwa nchi za baridi, wakalisahau jua la Maskati, naye akatia ndani donge la unga, likaumuka vizuri mno, akawaambia, "Sanduku zuri, wanangu, lakini mie nnaliona la mkate," wakacheka hadi machozi, kisha wakaongeza matundu ya hewa na kitambaa cha maji cha kulipoza, na bado hakutikisa.

Tarehe 12 Oktoba Masouda alijifungua kabla ya miezi yake, hospitali ikawa haina pa kumweka mtoto ila sanduku lile, tukaogopa sote, na baba, ambaye moyo ulishaanza kumsumbua, akakaa ubavuni akitazama kipimajoto, wanafunzi wakipokezana kulowesha kitambaa, mpaka mtoto, tuliyemwita Sayyida, akanenepa mashavu.

Tarehe 8 Desemba mtoto aliletwa nyumbani, baba hawezi tena kuinuka, wanafunzi wamejaa chumbani, mama akammiminia kahawa, akanywa, akamtazama mjukuu wake, akakitikisa kikombe, na Bakhit, mmoja wa wanafunzi wake, mhandisi mzima, akalia waziwazi.

Alfajiri yake moyo wa baba ulisimama.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliotupikia, na wanafunzi wake waliobeba jeneza, na huyo mnayemsikia akilia upande wa wanawake ndiye Sayyida, mwacheni alie.

Pumzika kwa amani, Baba, kahawa imetosha.